Haili Mafuta, Inakula Nini?

Kijana wa yadi alikuwa ameshaipangusa vumbi mara mbili kabla hatujaikaribia. Nissan Leaf nyeupe ya umeme, ya mwaka 2013, imetoka bandarini majuzi, karatasi ya mnada wa Japani bado imebandikwa kiooni. Jirani yangu wa Goba alikuwa ameniomba nimsindikize, maana mke wake alishaapa kwamba gari la kuchaji kama simu haliingii nyumbani kwao mpaka mtu mwingine mwenye akili timamu alione. Kijana akaiwasha. Hakuna mlio, hakuna mtetemo, taa za dashibodi tu. Jirani akabaki anatazama boneti kama anayesubiri mgonjwa apumue.

"Hii haili mafuta, bosi," kijana akasema. "Ukishanunua, umemaliza."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vijiti vidogo upande wa kulia wa dashibodi. Leaf ikiwa mpya huwa navyo 12. Chaji iliyopo inaonyeshwa pembeni yake. Vijiti hivi vyenyewe vinaonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani, yaani tangi limebaki na ukubwa gani. Kadiri betri inavyochoka, kinazimika kimoja baada ya kingine, na hakirudi. Hii ilikuwa na 9. Nikauliza vitatu vimekwenda wapi. Kijana akacheka. "Hivyo vya urembo tu, mzee. Gari inatembea."

Ilitembea kweli. Tukazunguka nayo mpaka Tangi Bovu na kurudi, kiyoyozi kinapuliza, kimya kama tuko msibani, na njiani jirani akawa keshaanza kuzitaja kwa majina sheli ambazo hatazisalimia tena.

Hesabu hiyo nimeikalia kwa muda sasa, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na kila ninapoirudia nafika palepale: swali la "umeme au petroli, kipi rahisi?" halijibiki mpaka umtaje mtu na kilomita zake. Betri ni mafuta ya miaka kadhaa uliyoyalipia siku moja. Anayeyachoma haraka anapata faida. Anayeliegesha gari Jumatatu mpaka Ijumaa chini ya jengo la ofisi amenunua pipa la mafuta linalovuja polepole.

Mijadala mingi inayotufikia kuhusu jambo hili imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Oslo. Norway mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na huko mtu analinganisha gari jipya na gari jipya, kwa miaka mingi kodi ikiwa imepindishwa makusudi ili la umeme lishinde, mkopo una riba ya kistaarabu, chaja iko ukutani gereji kwake. Huku kwetu gari jipya ni la wizara, la shirika, au la mtu ambaye haulizi lita inauzwaje. Sisi wengine tunanunua gari lililozeekea Yokohama na Nagoya. Kwa hiyo mashindano ya kweli ya Dar es Salaam ni ya Toyota IST ya mtumba na Leaf ya mtumba, na hapo mambo yanabadilika sana.

Nianze na pale ambapo umeme unashinda bila ubishi. Jirani anatoka Goba kwenda Posta na kurudi, kama kilomita 50 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka ni kama kilomita 15,000. IST yake katika foleni ya Mwenge na Morocco inampa kilomita 12 kwa lita, akiwa mkweli. Bei ya petroli Dar kati ya mwaka 2023 na 2025 ilipanda na kushuka baina ya shilingi 2,700 na 3,300 hivi, kwa hiyo nimechukua 2,900. Hapo mafuta ya mwaka ni zaidi kidogo ya shilingi milioni 3.6.

Leaf, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji na kiyoyozi kisichozimwa, nimeipa kilomita 5.5 kwa uniti. Uniti kwa tarifa ya kawaida ya TANESCO, shirika letu la umeme, ni shilingi 292, na ukiongeza kodi na tozo inafika karibu 357. Kwa kilomita zilezile 15,000 ni kama shilingi 974,000. Yaani kilomita moja ya petroli ni shilingi 242 na ya umeme ni 65. Tofauti ya mwaka ni shilingi milioni 2.65. Hiyo ni ada ya mtoto mmoja shule isiyo ya majivuno, na hujagusa oili, plagi, filta wala kidude chochote kinachozunguka ndani ya injini.

Kijana wa yadi angeishia hapo.

Mimi sikuishia hapo kwa sababu jirani hana milioni 8 zimelala. Tuseme hiyo ndiyo tofauti ya bei kati ya Leaf na IST yenye hali inayolingana. Yadi kwa yadi inatofautiana, lakini haiko mbali sana na hapo. Mwenye fedha mkononi atairudisha kwa miaka mitatu na kuendelea kufaidi. Jirani atakopa. Riba za benki zetu kwa miaka hii zimezunguka asilimia 15 na 16 kwa wastani, na mfanyakazi wa kawaida asiye na jina kubwa hapewi wastani. Nimeweka 16. Mkopo wa milioni 8 kwa miaka minne unamtaka rejesho la kama shilingi 227,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni milioni 2.72.

Itazame tena hiyo namba. Anachokiokoa sheli ni milioni 2.65. Anachopeleka benki ni milioni 2.72. Kwa miaka minne mizima jirani atakuwa amehamisha fedha kutoka kwa muuza mafuta kwenda kwa muuza fedha, na yeye mwenyewe hakubakiwa hata na ya soda. Mwisho wa miaka hiyo deni limekwisha na gari ni lake, sawa, ila ni Leaf iliyotimiza miaka zaidi ya kumi na mitano, na vijiti vyake sijui tutavihesabu vingapi.

Halafu kuna jambo la LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ambalo sijalisikia likitajwa na muuzaji hata mmoja. Zipo nyumba za mjini zilizo kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100, na kodi zikiingia 122. Gari la jirani peke yake litakula kama uniti 227 kwa mwezi. Akiwa kwenye kundi hilo atatolewa, na akitolewa hatolewi gari peke yake: friji, pasi, taa za uani na feni ya bibi chumbani vyote vinahamia kwenye bei ya 357. Uniti zake 75 za zamani zitamgharimu kama shilingi 17,600 zaidi kila mwezi. Si fedha ya kumfilisi mtu, lakini ni zaidi ya laki mbili kwa mwaka ambazo hazipo kwenye karatasi ya mtu yeyote anayekuuzia.

Upande wa matengenezo sifa zinazotolewa ni za kweli, ila ni nusu ya habari. Hakuna kumwaga oili. Breki zinadumu, kwa sababu ukiachia pedeli mota yenyewe inalishika gari na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, jambo ambalo kwenye mteremko wa Goba ni raha kuliona. Lakini Leaf ina uzito wa kama tani moja na nusu, IST haizidi sana tani moja. Kwenye barabara zetu za ndani, zile ambazo greda hupita mwaka wa uchaguzi, karibu nusu tani ya ziada inasomeka kwenye bushi, shokapu na matairi. Na fundi je? IST ikigoma Kibaha saa mbili usiku, chini ya mwembe wowote utapata mtu mwenye spana na ujasiri. Leaf ikigoma, ujasiri ndio kitu cha kwanza unachotakiwa kuukataa, kwa sababu betri yake ina volti zaidi ya 300, na volti hizo hazina utani.

Kuna la kuuza pia. Wabongo wananunua IST kama wanavyonunua kiwanja: ukibanwa, unaitoa. Weka tangazo asubuhi, jioni watu watatu wamepiga simu na mmoja yuko njiani na fedha taslimu. Leaf yenye vijiti 8 utamuuzia nani? Mnunuzi anajua anachonunua ni betri iliyobebwa na gari, na betri hiyo umeshaitumia.

Ndipo tufike kwenye joto. Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zilitengenezwa bila mfumo wa kupoza betri kwa maji. Inapozwa na upepo unaopita chini ya gari, basi. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, katika jangwa la Arizona, walilalamika kwamba vijiti vinazimika kabla gari halijafikisha hata miaka miwili, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Dar haifiki joto la Phoenix, lakini Phoenix ina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Sisi tuna Februari. Na betri ya lithiamu haichoki kwa kutembea tu. Inachoka ikiwa imesimama pia, hasa ikisimama juani na chaji imejaa. Injini ya petroli ukiiacha mwezi mzima itakudai betri ndogo na labda upepo wa tairi. Gari la umeme lililosimama linazeeka na ulichokilipia kimo ndani yake.

Magari mapya ya Kichina na hata mengine ya zamani kuliko tunavyodhani yana mifumo mizuri ya kupoza, na bei ya betri imeporomoka: mwaka 2010 uwezo wa kilowatisaa moja, yaani uniti moja, uligharimu zaidi ya dola 1,000, mwaka 2024 wastani wa dunia ulishuka hadi dola 115. Sikatai. Ila magari hayo yatatufikia mtumba baada ya miaka saba au kumi, kwa hiyo leo hii jirani anachagua kutoka kwenye makosa ya mwaka 2013.

Na bado sijamtaja mshindani ambaye Oslo hawamjui. Dar es Salaam ina gesi asilia. Kufunga mfumo wa gesi kwenye IST ni kati ya shilingi milioni 1.5 na 2.5 kutegemea mtungi, na kilo moja imekuwa ikiuzwa kwa kama shilingi 1,600. Kilo hiyo inampa jirani kilomita 16. Kwa mwaka wake uleule ni milioni 1.5 badala ya 3.6. Anaokoa milioni 2.1 kwa kitega uchumi cha milioni 2, bila kuuza gari, bila kwenda benki, na injini inabaki ileile ambayo kila fundi anaijua. Leaf ingemwongezea akiba ya nusu milioni tu juu ya hapo, kwa milioni 6 zaidi. Mtu akiniuliza kwa nini barabara za Dar zimejaa bajaji za mitungi na za umeme ni za kuhesabika, namjibu kwa mistari hii miwili.

Gesi ina adhabu yake: buti inageuka stoo ya mtungi, na foleni ya kujaza inaweza kukuzeesha. Saa mbili kwenye mstari ni gharama, ila ni gharama ambayo mwenye mshahara hailipi kwa shilingi. Mwenye bajaji anailipa kwa kila abiria aliyepitwa naye.

Hapo ndipo mtu mwenyewe wa mkasa huu anapoingia, na hayuko yadi.

Pale kijiweni kwetu kuna dereva wa bodaboda ambaye hunipeleka kituoni mvua ikinyesha. Nilimwuliza anatembea kilomita ngapi kwa siku. Hakujua, hakuna anayejua, mita za spidi zao zilikufa zamani. Tukapiga kwa mafuta: anatia lita mbili na nusu hadi tatu. Kwa pikipiki yake aina ya Boxer hiyo ni kama kilomita 120. Siku 300 kwa mwaka ni kilomita 36,000, zaidi ya mara mbili ya jirani yangu mwenye kiyoyozi. Mafuta yake ya siku ni kama shilingi 7,700. Pikipiki ya umeme kwa safari hiyohiyo inahitaji kama uniti 4.5, ambazo kwa bei ya TANESCO ni shilingi 1,600. Pengo ni shilingi 6,100 kwa siku na zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka, kwa chombo ambacho kipya kinauzwa milioni mbili na nusu au tatu. Hebu linganisha: jirani anaokoa milioni 2.65 juu ya gari la milioni ishirini na kitu. Dereva wa boda anaokoa zaidi ya nusu ya bei ya chombo chake kila mwaka.

Kwa hiyo kwa hesabu tupu, umeme Afrika Mashariki unaanzia kijiweni. Naona waheshimiwa wakipiga picha na magari ya umeme ya kifahari kwenye maonyesho, na sielewi wanamwonyesha nani.

Lakini dereva wangu alinijibu kwa swali. "Kaka, mimi naipenda. Ila betri ikifa saa kumi jioni niko Bunju, nani ananiletea? Na asubuhi mafuta natia ya elfu tatu, nikipata abiria wawili naongeza. Umeme nao wanauza wa elfu tatu?"

Ameugusa mfupa wenyewe. Petroli inauzwa rejareja mpaka kwenye chupa ya maji, na maisha ya kijiweni ni ya rejareja. Betri inauzwa jumla. Mtu mwenye hesabu ya elfu kumi kwa bosi kila jioni, mkataba wa mwaka na nusu shingoni, hawezi kununua mafuta ya miaka minne kwa mpigo. Ndiyo maana miji iliyofika mbali kidogo, Kigali na Nairobi, imefika kwa njia moja: dereva hamiliki betri. Anafika kituoni, anaitoa iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka kwa dakika chache. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, ilianzia Kigali, na kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda iliamua pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zisajiliwe za umeme tu. Nairobi kuna Spiro, Arc Ride na wengine. Hata BasiGo, walipoingiza mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, walimwuzia mwenye matatu basi na kumtoza betri kwa kilomita, shilingi 20 za Kenya kwa kila moja. Wote wamegundua kitu kilekile: Mwafrika wa mjini humuuzii betri, unamuuzia kilomita.

Ni busara kubwa, na ni hapohapo ninapoanza kukunja uso. Lile pengo la shilingi 6,100 sasa lina wagombea. Kampuni inataka kurudisha fedha ya betri, ya kibanda, ya mlinzi, ya kijana anayebadilisha, na ya mwekezaji aliyeko ng'ambo. Ni haki yake. Lakini bei ya kubadilisha betri haipangwi kwa kutazama umeme umegharimu kiasi gani. Inapangwa kwa kutazama petroli ya kijiwe jirani, kisha inashushwa kidogo ili dereva ashawishike. Mafuta yakipanda, kuna kitu gani kitamzuia mwenye betri asipande nayo, angali umeme uko palepale?

Kwa petroli EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukichukia sheli hii unavuka barabara kwenda ile, mdomo wa tangi ni mmoja. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Dereva aliyechukua pikipiki ya kampuni fulani ameoa, na mahari anaendelea kuilipa kila siku. Kenya angalau walianza na umeme wenyewe: tangu Aprili 2023 kuna tarifa maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na nusu yake usiku wa manane watu wakiwa wamelala, kabla ya kodi na makato mengine. Nafuu hiyo inamfikia mwenye kituo. Kama inashuka mpaka kwa dereva, hilo ni suala la hisani au la sheria, na mimi hisani siiamini sana kwenye biashara ya usafiri.

Kwa upande wa nchi, mizani ni tofauti kabisa na ya nyumbani kwa jirani. Petroli yote ya Tanzania inakuja kwa meli na inalipiwa kwa dola, na mwaka 2023 tuliona dola zilipoadimika sheli zilivyokuwa. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liko Rufiji, na maji yake hayaletwi na meli. Ethiopia waliipiga hesabu hiyo kwa ukali zaidi ya wote, wakapiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli mwanzoni mwa mwaka 2024. Sidhani kama tunahitaji ukali huo. Ila ninaelewa waziri wa fedha anayetamani.

Waziri huyohuyo ana sababu ya kutotamani. Barabara zetu zinajengwa na kukarabatiwa kwa tozo zilizomo ndani ya lita. Mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, ile tuliyokuwa tukiita rodi laisensi, na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Mwenye gari la umeme hachangii hata senti ya hizo, na anapita barabara ileile na tani yake moja na nusu. Kwa sasa wako wachache na hakuna anayewaona. Lakini magari ya gesi nayo yalikuwa machache, yakawa mengi, na bajeti ya 2024/25 ikaja na pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo. Anayeipigia Leaf hesabu ya miaka minane akidhani uniti ya kuchajia itabaki bila tozo ya barabara miaka yote minane, mwache aendelee kuota.

Na yule dereva wa teksi ya mtandao, anayetembea kilomita 150 kwa siku? Kwa karatasi yeye ndiye mfalme: akiba yake kwa mwaka inakaribia milioni 8. Ila Leaf ya vijiti 9 inamfikisha kilomita 80, 90 siku ikiwa njema, kisha inataka saa tano kwenye plagi ya kawaida. Gari analoliweza kwa bei haliiwezi kazi, na linaloiweza kazi yeye haliwezi kwa bei. Siku lenye betri ya kilomita 300 litakaposhuka bandarini kwa bei ya IST mbili, huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza yadi, na hatahitaji kusindikizwa.

Jirani hakununua. Alifunga gesi kwenye IST yake, mke akafurahi, tukasahau. Miezi saba baadaye akanipigia saa tano usiku, yuko kwenye foleni ya kujaza, magari kumi na saba mbele yake, muungurumo wa kompresa unasikika mpaka kwenye simu. Akauliza kama ile Leaf nyeupe bado ipo.

Nilipita kesho yake. Ipo, palepale kwenye jua, imepanguswa vumbi. Kijana akaiwasha bila kuombwa. Vijiti vilikuwa 8.